Kaburi la Jumbe Zahoro kwa Lugha Tatu

Siku rasimu ya kitabu cha historia ya Kisarawe iliposomwa Mzenga, hakuna aliyekumbuka kumwalika Bi Mwanamvua. Walialikwa wenyeviti wa vitongoji, akaalikwa imamu, wakaalikwa hata wachoma mkaa waliohamia juzi tu. Yeye, mjane wa Seif Zahoro na mwenyewe mwalimu wa historia na Kiswahili aliyestaafu kwa heshima zake, alipata habari kwa simu, akiwa barazani kwake Kongowe ya Kibaha, anachambua kisamvu.

"Wifi, uko na watu hapo?" aliuliza Shamsia, dada wa marehemu mumewe, kutoka Mzenga.

"Niko peke yangu. Nani kafa?"

"Babu kafa mara ya pili."

Shamsia akaeleza. Kitabu kile kina sura nzima ya babu yao, Zahoro, aliyekuwa jumbe wa Mzenga enzi za Mjerumani. Sura inasema babu alikuwa mwizi wa mbuzi, mchoyo, mwoga, na kwamba alipokufa watu walipinga kuzikwa kwake. Kikishapigwa chapa kitapelekwa kila shule ya msingi ya wilaya.

"Vijana wamecheka, wifi. Mmoja kasema nyuma yangu, 'Kumbe ndio hawa.' Nimeondoka hata chai sijanywa."

"Nani kaandika?"

"Aliyeandika hawakumtaja. Wamemtaja aliyefasiri. Mwanafunzi wako, Twalibu."

Bi Mwanamvua alikata simu bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia wifi yake hata siku walipogombania vyombo vya msiba. Kisamvu kilibaki katika ungo, nzi wakakifaidi.

Ili hasira yake ieleweke, inafaa kujua kwamba mwanamke huyu hakuzaliwa kwa Jumbe. Alizaliwa Janga, kwa mkulima wa muhogo na ufuta aitwaye Ally, akaolewa na Seif akiwa tayari na cheti chake cha ualimu. Waliozaliwa na jina hulivaa kama kanga ya nyumbani, hawalioni linapochakaa. Yeye aliyepewa alilitunza kama kanga ya sandukuni. Watoto wake walikua wakiambiwa kwamba mtoto wa kwa Jumbe hali akitembea, hajibu mkubwa akiwa amekaa, hasemi uongo hata wa mzaha. Na nyuma ya makatazo yote hayo kulikuwa na kisa kimoja ambacho Seif alikisimulia kila Idi: kwamba Mjerumani alipotaka vijana wa kulima pamba ya serikali, Jumbe Zahoro aliwaficha katika msitu wa Kazimzumbwi, akawapelekea chakula, akasimama peke yake mbele ya mzungu na kusema kijiji chake hakina vijana. "Babu hakuacha nyumba wala minazi," Seif alikuwa akisema. "Aliacha jina, na jina halina hati. Usipolilinda, mtu atakuja kujenga juu yake."

Sasa mtu alikuwa amekuja, na ni yeye aliyemfundisha mtu huyo kushika kalamu.

Alimpigia Twalibu siku ile ile.

"Shikamoo Mwalimu."

"Sijaitikia. Lete hiyo sura hapa kwangu. Usinitumie kwenye simu, ilete kwa mkono."

Twalibu alikuja Jumamosi. Alikuwa daktari wa falsafa sasa, na kitambi kidogo cha vikao, lakini alivua viatu mlangoni kama alivyofundishwa kwao Janga, akakaa kwenye kiti cha chini ingawa kochi lilikuwa tupu. Bi Mwanamvua alimpa maji, maana maji hanyimwi hata adui. Chai hakumpa. Akavaa miwani, akasoma.

Sura iliitwa "Jumbe Aliyekataliwa na Watu Wake." Ilisema hivi: "Jumbe Zahoro hakupendwa na raia wake. Shuhuda mmoja alimtuhumu hadharani kwa wizi wa mifugo ya wajane. Alijulikana kwa uchoyo uliokithiri, kiasi cha kula chakula chake gizani. Nyakati za hatari alijificha nyumbani, nyuma ya wanawake. Mazishi yake yalikumbwa na upinzani mkali. Shuhuda huyo aliyazuia kwa muda, akidai fidia, na kutamka kwamba hata ardhi isingempokea marehemu."

Aliisoma, akairudia. Hasira ni moshi: macho yamo kichwani, lakini hayaoni. Kila aliposoma, alichokiona ni Seif amekaa mbele ya watoto siku ya Idi, na kisa chake mdomoni.

"Kichwa hiki cha sura umekitoa wapi?"

"Ni changu, Mwalimu. Kile cha Kiingereza kilikuwa kirefu."

"Na huyu shuhuda, ana jina? Ana ukoo?"

"Hana. Kiingereza kinasema tu mtu mmoja."

"Kiingereza." Alivua miwani. "Twalibu, Mzenga mwaka aliokufa Jumbe, nani alikuwa anaongea Kiingereza?"

Twalibu akaeleza, polepole, kama mtu anayevuka kijito juu ya gogo. Palikuwa na Mjerumani mmoja, bwana shamba wa pamba, aliyehudhuria maziko yale na kuyaandika katika kitabu cha safari zake. Miaka mingi baadaye Mwingereza mmoja akakusanya vipande vya vitabu kama hivyo, akavifupisha na kuvitia katika Kiingereza kwa ajili ya wasomi wa kwao. Kamati ya kitabu cha Kisarawe ilikuwa na kile cha Kiingereza peke yake.

"Kwa hiyo," alisema Bi Mwanamvua, "watu walisema kwa Kizaramo na Kiswahili. Mjerumani akayabeba kwa Kijerumani. Mwingereza akayapunguza kwa Kiingereza. Wewe ukaturudishia kwa Kiswahili, ukatuambia haya ndiyo yale yale."

"Mwalimu, ndiyo kazi yenyewe. Habari zetu nyingi zimetufikia kwa njia hiyo. Tukisema tusiguse kitu mpaka tujue Kijerumani, watoto hawatasoma chochote."

Jibu lile halikuwa la kijinga, na hilo lilimkera zaidi.

"Wewe ni mtoto wa Janga, unajua habari za madumu. Maji yakichotwa na dumu la mafuta ya taa, yakamiminwa katika dumu la dawa ya korosho, yakaja kwako. Utamnywesha mwanao?"

"Kama hakuna mengine, nitayachemsha kwanza."

"Umechemsha?"

Twalibu aliangalia mkeka.

"Ndicho ninachouliza. Ulipoona mtu mmoja anazuia maziko, anadai kitu, anatukana maiti, ulimuuliza nani? Ulikwenda Mzenga? Uliniuliza mimi, niliyekufundisha kwamba shahidi asiye na jina ni upepo?"

"Muda ulikuwa mfupi, Mwalimu. Na nilijua utakasirika."

"Basi ulijua jambo moja la kweli katika sura nzima. Kijerumani chake kiko wapi?"

"Kipo kwenye mtandao, kurasa zimepigwa picha. Lakini katika kamati hakuna anayekijua. Hata mimi sikijui."

"Nitumie. Na kabla sijakisoma, hakuna kitakachopigwa chapa."

"Utakisomaje, Mwalimu?"

"Hilo si lako."

Twalibu aliaga. Safari hii aliitikiwa, lakini kwa kichwa tu.

Katika nyumba ya pili kutoka ya Bi Mwanamvua alikaa Mnyamwezi mmoja wa Tabora, Eugenia, muuguzi mkuu mstaafu, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Ujana wake alipelekwa kusomea uuguzi Ujerumani Mashariki, mji wa Leipzig, akarudi na lugha, koti la baridi lisilo na kazi Pwani, na tabia ya kunywa kahawa nyeusi saa kumi jioni. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu siku za misafara, kwa hiyo wanawake hawa wawili walikuwa wakitukanana kila siku kwa furaha kubwa.

"Karibu, mbeba mizigo," Bi Mwanamvua alimwambia alipoingia, lakini bila tabasamu. Kurasa za Mjerumani alikuwa amezichapisha kwenye duka la steshenari, Mailimoja, kwa maandishi makubwa.

"Leo unanikaribisha kama mtu wa polisi. Mzaramo akinuna ngoma imempita." Eugenia akachukua karatasi, akazisogeza karibu na pua. "Eh. Herufi gani hizi? Kama miba ya mchongoma."

"Huzijui?"

"Nazijua. Bibi niliyepanga kwake Leipzig vitabu vyake vya sala vyote vilikuwa hivi, na macho yake yalikuwa mabovu. Nilimsomea kila Jumapili, mimi Mkatoliki, sala za Kiluteri. Ngoja nizizoee. Unataka wapi?"

"Maziko ya Jumbe Zahoro. Hayo tu kwanza."

Eugenia alisoma kimya, kidole kikitembea chini ya mistari. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Kisha akacheka, kicheko cha tumboni, mpaka akaweka karatasi mapajani na kujifuta macho.

"Unacheka nini? Ukoo wa mume wangu unavuliwa nguo mbele ya wilaya, wewe unacheka?"

"Mtani, nyamaza nikusomee. Nyamaza kabisa." Akakohoa, akaanza kutoa Kiswahili, kipande kwa kipande. "'Maiti ilipofikishwa makaburini, mtu mmoja wa Wanyamwezi, mpagazi aliyehamia kijijini, alitokea akiwa amevaa kanzu ya marehemu. Alitembea kwa kuchechemea, kama marehemu alivyokuwa akitembea. Akashuka kaburini, akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo.'"

Bi Mwanamvua alikaa.

"Unanisikia? Jogoo. Sasa maneno yake. 'Mwizi wa mbuzi wewe, leo umelala, mbuzi wa wajane nao wapate kulala.' 'Ulikula ugali wa muhogo gizani ili jicho langu lisione bakuli.' 'Ngoma ya vita ikilia, uvunguni kwa mkeo. Sasa huku chini uvungu hakuna, utajificha wapi?' 'Udongo umekukataa, umesema unanitaka mimi, kijana mzuri.'" Eugenia akapiga paja. "Na sikiliza Mjerumani anavyomalizia, maskini. 'Wajane wa marehemu walicheka huku wakilia. Ndugu walimpa jogoo na kipande cha nguo. Alitoka, akawa wa kwanza kutupia udongo, na hapo akalia kuliko wote. Sababu ya mambo haya sikuielewa.' Sisi tumeielewa, bwana shamba. Mtani, huyu ni wa kwetu. Alikuwa kazini."

Kadiri Eugenia alivyokuwa akizitoa, sentensi zile zilikuwa zikikaa zenyewe, kama kuku wanaojua ufito wao wa kulalia. Zilikwenda Ulaya na kurudi, na mahadhi ya msiba wa Uzaramo yalikuwa hayajatoka. Mjerumani alikuwa ameona jeneza, kanzu, jogoo na machozi, hakuelewa, lakini aliandika alichoona. Mwingereza ndiye aliyeona kwamba jogoo na kanzu ni upuuzi wa kupunguzwa, akabakisha tuhuma. Na Twalibu, mtoto wa Janga, akazivalisha suti.

Bi Mwanamvua alikumbuka siku ya kumzika Seif. Yeye alikuwa ndani, amefunikwa kanga, na Eugenia huyu huyu alikaa mlangoni amevaa koti la Seif na miwani ya Seif, anawaamuru waombolezaji wapange viatu vizuri kwa sauti ya Seif, anasema mzee huyu alikuwa bahili wa sukari, chai ya leo kunyweni mpaka ziishe kilo zake. Alicheka ndani ya kanga, akalia, akacheka. Bila kicheko kile, aliamini hadi leo, moyo wake ungepasuka. Na bado, alipopewa jambo hilo hilo kwa Kiswahili cha kitabu, hakulitambua.

"Nilisoma mbele yake," alisema. "Nikamgombeza kwa mengine yote, hili sikuliona."

"Ungelionaje? Wameliosha mpaka likatakata. Usijipige. Mpige Twalibu."

Hilo alikubaliana nalo.

Kamati ilikaa Kisarawe mjini wiki iliyofuata, ukumbini. Mwanawe Eugenia aliwapeleka kwa gari, wakakatia Kiluvya. Mwenyekiti, Mzee Mashaka, karani wa zamani mwenye adabu nyingi na haraka nyingi, alimpa nafasi ya kwanza akitumaini ataimaliza upesi.

Alisimama. Hakupaza sauti, miaka yote ya darasani ilimfundisha kwamba sauti ya chini huogopwa zaidi.

"Nawauliza swali moja kabla ya yote. Ni nani humu ndani aliyezika baba au mama bila watani?"

Watu wakatazamana.

"Dokta Twalibu. Marehemu baba yako tulimzika Janga, nami nilikuwepo. Njia ya makaburini nani aliifunga kamba?"

"Watani, Mwalimu."

"Walisema nini?"

"Walisema... kwamba mzee alikuwa mlevi wa togwa na hawezi kupita bila kulipa."

"Baba yako alikuwa mlevi?"

"Hapana."

"Mzungu angeandika nini?"

Ukumbi ulicheka, kisha watu wakanyamaza mmoja mmoja, walipoanza kuelewa. Bi Mwanamvua akasoma ukurasa wa Mjerumani kama Eugenia alivyoutoa. Alipofika kwa kijana mzuri anayetakiwa na udongo, hata Mzee Mashaka alikuwa anafuta macho. Alipomaliza hakuna aliyekuwa na hamu ya sura ya Jumbe aliyekataliwa.

"Mjerumani simlaumu," alisema. "Alisema hakuelewa. Mwingereza hakuwahi kufika. Ninaowalaumu ni nyinyi. Mlikuwa na mila hii katika nyumba zenu, mmeilipia majogoo, na ilipokuja imevaa nguo za kigeni mkaipigia saluti. Mlitaka kuwafundisha wajukuu zangu kwamba upendo wa mtani ni ushahidi wa wizi."

"Bi Mwanamvua, tumekosa," alisema Mzee Mashaka. "Tuiondoe sura yote, yaishe."

"Hayaishi hivyo. Imeshasomwa Mzenga, watu wameshacheka. Mkiifuta, watasema tumeinunua. Nataka iandikwe upya kutoka Kijerumani, moja kwa moja, mimi na Bi Eugenia tutafasiri. Na iingie yote aliyoandika huyu bwana juu ya Jumbe Zahoro, neno kwa neno. Kwetu hatuna la kuficha. Aliyepunguza ndiye aliyetuponza, sasa asipunguze mtu."

"Yote?"

"Yote. Andika kwenye muhtasari, katibu."

Katibu akaandika. Nje ya ukumbi, Twalibu alimfuata, mikono nyuma kama zamani alipochelewa namba ya asubuhi shuleni.

"Nisamehe, Mwalimu."

"Nitaona."

"Kurasa za Mjerumani, zote mmeshazisoma?"

"Tumesoma za maziko. Kwa nini?"

"Hapana. Nilivyoona picha, baada ya maziko kuna nusu ukurasa nyingine. Mwingereza aliiacha. Sijui inasema nini."

"Itasema inachosema," alijibu Bi Mwanamvua, na kupanda gari.

Siku mbili tatu hizo alitembea kichwa juu. Shamsia alimpigia na kumshangilia kwa simu, akamwambia kaka angekuwa hai angechinja. Kisha wakakaa, yeye na Eugenia, barazani Kongowe, saa ya kahawa nyeusi, kumaliza kazi. Maziko waliyafasiri vizuri, wakibishana kwa kila sentensi, Eugenia akitaka Kiswahili kiwe kirefu kama Kijerumani, Bi Mwanamvua akikikata. Wakafika ile nusu ukurasa.

Eugenia alisoma kimya, kidole chini ya mstari. Safari hii mabega hayakutikisika.

"Mtani," alisema, "tunywe kahawa kwanza."

"Soma."

"Kahawa inapoa."

"Eugenia."

Ikawa mara ya kwanza kuitana kwa majina baada ya miaka. Eugenia akasoma bila kumtazama. "'Kwa kifo cha Zahoro serikali imepoteza jumbe wake bora katika sehemu hizi. Majumbe wengine walileta visingizio; yeye alileta watu. Kila nilipohitaji vijana wa shamba la pamba, walikuja, na aliyekimbilia msituni Zahoro mwenyewe alimfuata, akamrudisha amefungwa kamba. Vijana kadhaa wa Mzenga walikufa shambani mwaka wa mvua nyingi, lakini kazi haikusimama, na hilo ni kwa sababu yake. Nilimheshimu.'"

Gari la mchanga lilipita barabarani, vumbi likaingia barazani.

Hasira aliyokuwa nayo Bi Mwanamvua kwa Twalibu ilikuwa hasira safi, ya mtu mwenye haki. Ukiishika unajua mpini wake uko wapi. Hii iliyokuja sasa haikuwa na mpini. Ilimwendea Mjerumani na heshima zake. Ilimwendea Zahoro na kamba yake. Ikamwendea Seif, aliyekaa kila Idi na msitu wa Kazimzumbwi mdomoni, watoto wamefumba macho kwa utamu wa kisa.

"Anasema uongo," alisema. "Alikuwa anaandikia wakubwa zake. Alitaka waone pamba yake ilikwenda vizuri."

"Inawezekana."

"Nitaweka tanbihi, niseme hivyo."

"Weka. Ila huyu ndiye tuliyemsimamisha ukumbini kwa habari ya jogoo."

Darasani Bi Mwanamvua alikuwa akiwaambia wanafunzi kwamba huwezi kumfanya mtu shahidi asubuhi, jioni ukamwita mwongo kwa kuwa amegusa kwenu. Alichukua simu, akampigia Shamsia, Mzenga.

"Wifi, wale vijana babu aliowaficha msituni walikuwa wa nyumba zipi?"

"Wa hapa hapa kijijini."

"Nitajie nyumba moja."

"Mambo ya zamani hayo, nani anakumbuka?"

"Wanaofichwa wasife hukumbuka, wifi. Wangekuwa wanatuletea maembe mpaka leo. Kina Tunu wa ng'ambo ya mto, kwa nini hawajawahi kukanyaga msiba wetu hata mmoja? Nilipoolewa mliniambia ni kiburi."

"Nani kakwambia habari za kina Tunu?" aliuliza Shamsia, na sauti yake ilikuwa nyingine.

"Wewe. Sasa hivi."

"Wifi, nisikilize. Walikufa watoto wao, ndiyo. Bibi alituambia tukiwa wadogo, mimi na kaka, akatuapisha. Kaka ndiye aliyekigeuza kile kisa, na alikigeuza kwa ajili ya watoto wako. Mzungu kasema?"

"Kasema. Kwa kusifu."

"Basi ruka. Kitu cha nusu ukurasa. Mwingereza mwenyewe karuka."

"Nilisema ukumbini yote yaingie. Imeandikwa."

"Ulisema kwa kuringa. Uliolewa kwetu wewe, hukuzaliwa kwetu. Jina si lako kuligawa."

"Nimelibeba kuliko nyinyi mliozaliwa nalo."

"Ukiliandika hilo, siku nikifa usije kwangu."

"Nitakuja, wifi. Nitakaa na kina mama jikoni, utake usitake."

Shamsia akakata simu, bila kuaga naye.

Eugenia alikuwa amekunja karatasi ya Mjerumani mara mbili, ikabaki ndogo kiganjani. "Mimi ndiye ninayekijua Kijerumani," alisema kwa upole usio wake. "Nikikwambia hakuna zaidi ya maziko, hakuna zaidi. Twalibu hawezi kusoma hata herufi."

Bi Mwanamvua aliona jinsi jambo lenyewe lilivyo rahisi. Ndivyo lilivyokuwa rahisi kwa Mwingereza pia: mtu anakaa mezani, anaona kipande kinaharibu sura ya habari, anakipunguza. Na kule ng'ambo ya mto watoto wa kina Tunu wangekwenda shule, wangepewa kitabu, wangesoma maziko ya kuchekesha ya mtu aliyewafunga kamba babu zao, na wangejua, maana nyumbani kwao hawajasahau, kwamba kwa Jumbe wamepunguza.

"Ikunjue," alisema.

Akavuta karatasi yake, akaiweka sawa juu ya meza. Akashika kalamu.

"'Aliyekimbilia msituni,'" Eugenia alisoma, "'alirejeshwa...' Tuseme alirejeshwa. Inatosha, si uongo."

"Anasema nani alimrejesha?"

"Anasema."

"Na kwa kutumia nini?"

"Kwa kamba."

"Basi nipe kama alivyosema." Akaandika: Zahoro mwenyewe alimfuata, akamrudisha amefungwa kamba. Kalamu ilitoboa karatasi kwenye jina. Hakulirudia.

"Tuweke nukta, tupumzike," alisema Eugenia.

"Bado sentensi ya vijana waliokufa. Isome polepole, niiandike vizuri."